Shangazi na Povu Jipya

Buti za zimamoto ni nzito, na watu wengi wakizivaa hutembea kama bata aliyeshiba. Yeye alizivaa akatembea kama anakwenda harusini. Wanaume wa kikosi cha zimamoto pale kwenye bohari ya mafuta walimwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Walimwita hivyo kwa sababu aliwagombeza na kuwahurumia kwa pumzi ileile.

"Wewe, funga mkanda wa kofia, hilo fuvu hukuliazima! Halafu mbona macho yamekuingia ndani, umekula kweli?"

Ndivyo alivyoongoza zamu yake. Na wao, wanaume wenye mabega kama milango, walifunga mikanda na kujibu, "Nimekula, Shangazi," hata kama hawajala, kwa kuogopa kupelekwa jikoni kwa kushikwa sikio.

Kazi hiyo aliirithi kwa macho. Baba yake alikuwa mkufunzi wa kikosi hichohicho kwa miaka mingi, na baba huyo naye alikuwa na jina la kupachikwa: Mzee Povu. Lilikuwa jina la heshima. Mafuta yakiwaka, maji matupu hayafui dafu, maana maji huzama chini na mafuta huelea juu yakiendelea kuwaka kana kwamba hayajaona kitu. Kinachotakiwa ni povu la kuyafunika yakose hewa. Na katika kulitumia povu, baba yake hakuwa na mpinzani. Alisimama nyuma ya mshika mpira wa kurushia povu, mikono kiunoni, akangoja moto upande, kisha akaguta, "Piga moyoni!" Mshika mpira akalenga katikati kabisa ya moto, povu likatua, likatambaa lenyewe hadi kwenye kingo kama lina macho, na moto ukazimika puu. Kila aliyepita kwenye kikosi kile alifundishwa hivyo. Piga moyoni. Waliliimba neno hilo wakikimbia mchakamchaka, wakataniana nalo kwenye meza ya chakula.

Shangazi alilijua povu lile kabla hajajua kusoma. Siku za mazoezi baba yake alirudi nyumbani na kopo la dawa ya povu iliyobaki. Mama yake alitia tone moja kwenye beseni, na masizi yaliyoshinda sabuni zote yakaachia sufuria yenyewe. Familia zote za nyumba za wafanyakazi zilifanya hivyo, na kwa kweli zilijiona zimebahatika, kwa kuwa na sabuni ambayo hata mke wa meneja hana. Watoto waliogea povu hilo. Yeye alijitengenezea ndevu nyeupe, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapaza kisauti chake: "Piga moyoni!" Baba yake alicheka hadi akashika ukuta.

Povu jingine, lile la uwanja wa mazoezi, lilikwenda zake. Liliteremka mtaroni, likapita nyuma ya nyumba, likanywewa na udongo karibu na kisima kirefu cha pampu kilichowapa maji watu wote wa pale. Lilikuwa jeupe, safi, halina harufu. Nani angelidhania vibaya?

Miaka ikaenda. Mzee Povu alistaafu, akatolewa figo moja iliyokuwa na uvimbe mbaya, akapona kwa rehema za Mungu, akaanza kulima bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Binti yake alipanda cheo hadi kuwa kiongozi wa zamu na mkufunzi, akisimama palepale alipokuwa akisimama baba. Ndipo akaja mtaalamu wa maji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, akachota maji ya kisima kwenye vichupa na kuondoka navyo. Aliporudi aliwakusanya watu wa nyumba za wafanyakazi uani.

Aliwaambia kwamba katika dawa ya povu lile la zamani mna kemikali zilizoundwa viwandani ambazo haziozi. Jua haliziwezi, mvua haiziwezi, wadudu wa udongoni wanaokula kila kitu hawazili. Zikiingia ardhini zinakaa. Zikiingia kwenye maji zinasafiri nayo. Zikiingia mwilini zinatoka polepole mno, kwa miaka, na mtu akiendelea kunywa zinaendelea kujilimbikiza. Uchunguzi umezihusisha na mafuta kuzidi kwenye damu, na matatizo ya tezi ya shingoni, na saratani ya figo. Kisima chao kilikuwa nazo nyingi kuliko inavyofaa.

Mama yake Shangazi alinyoosha mkono. "Lakini sisi tunachemsha, mwanangu. Tena maji yanatokota kweli."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama," alisema mtaalamu. "Hiki si kidudu. Hakina uhai. Utaua nini?"

Mzee Povu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa umekwenda ubavuni, penye kovu.

"Kwa hiyo figo yangu nimeila mwenyewe kwa povu langu?" aliuliza.

"Sijui, mzee, na sitakudanganya. Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni hiki ama ni kile. Ninachojua ni kwamba msiyanywe tena haya maji, na msimwagilie mboga."

Siku ile kisima kikafungwa, na maji yakaanza kuletwa kwa gari. Jioni binti yake alimwona Mzee Povu aking'oa mchicha wake, shina kwa shina, kwa adabu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Shangazi hakulala juu ya jambo hilo. Povu ambalo halina kemikali zile lilikuwa tayari limeshatengenezwa, na vikosi vingine vilishaanza kulitumia. Akamwendea meneja wa bohari. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na kwa mwenye kulinda matangi ya mafuta hofu ni sehemu ya kazi.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini hilo povu lenu jipya likishindwa, bohari ikaungua, ni mimi nitakayeulizwa. La zamani nalijua. Linazima."

"Linazima moto na linabaki kwenye maji ya kunywa."

"Basi nionyesheni. Washeni sinia la mazoezi mbele yangu. Jipya likizima, mapipa ya zamani yote yanaondoka. Likishindwa, la zamani linarudi kwenye magari, na mazungumzo yameisha."

Ilikuwa haki. Akakubali, akampa mkono.

Sinia lenyewe ni beseni kubwa la chuma, kubwa kama chumba cha kulala, lenye ukuta wa chuma upande wa nyuma. Walilijaza mafuta, wakaliwasha, weusi ukapanda angani. Aliyeshika mpira alikuwa Bonge, mtu mnene, mpole, mwenye mikono imara kuliko wote, mwanafunzi wa mwisho wa Mzee Povu. Shangazi akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Moto ukapanda. Na neno likamtoka lenyewe, kama lilivyokuwa likimtoka tangu siku za ndoo iliyopinduliwa:

"Piga moyoni!"

Bonge akapiga moyoni. Povu jipya likaingia katikati ya moto, likazama, likachafuka na mafuta, na badala ya kutambaa likarushwa juu vipandevipande, kila kipande na mwali wake. Moto ulicheka. Waliongeza, ukaongezeka. Mwishowe walilazimika kuleta mitungi ya unga wa kuzimia moto, wakaufukia kwa aibu, wote wakiwa weupe kama waliotoka kusaga nafaka.

Meneja alipangusa unga kwenye miwani yake. Hakukejeli, na hilo liliuma zaidi.

"Pole, mama," alisema.

"Nipe Ijumaa," alisema Shangazi. "Mara moja tu. Ijumaa."

Meneja alitazama moshi, akamtazama yeye. "Ijumaa. Halafu basi."

Wenzake walikwenda kuoga. Yeye alibaki kusafisha sinia, maana alikuwa mtu wa kusafisha mwenyewe kile alichokichafua. Na pale alipoinama na brashi aliona kitu. Katikati ya sinia masalio ya povu yalikuwa ya kahawia, yananuka mafuta. Lakini nyuma, chini ya ule ukuta wa chuma, ambako mpira wa Bonge uliteleza kidogo pale mwanzoni, kulikuwa na kibonge cha povu kimekaa. Cheupe. Kizito. Alikigusa kwa kidole, akanusa. Hakikuwa na mafuta hata chembe. Povu hilo lilikuwa limegonga ukuta, likateremka taratibu, likalala juu ya mafuta bila kuzama.

Akakaa kwenye ukingo wa sinia, brashi mkononi. Hata maelezo yaliyokuja na povu yalisema lilazwe taratibu, na yeye alikuwa ameyasoma, ameyaelewa. Povu halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkono. La zamani lilikuwa linasamehe, hata ulirushe vipi litajitandaza. Hili jipya linataka kubembelezwa. Na nani aliyetoa amri ya kulirusha? Yeye mwenyewe. Aliisema bila kufikiri, kwa sauti ya baba yake.

Kesho yake asubuhi akaanza kuwafundisha upya kwa maji matupu, bila moto. "Gonga ukuta. Literemke lenyewe." Walielewa wote. Wakagonga ukuta vizuri kabisa. Kisha akawasha moto mdogo tu katika nusu pipa, na mpira wa Bonge ukashuka katikati kama umevutwa na kamba.

"Bonge!"

"Shangazi, naapa sikutaka! Mkono unakwenda wenyewe. Nikiona moto namsikia Mzee Povu ndani ya kichwa."

"Mtoe."

"Nimtoe vipi, na kanishika sikio miaka yote hiyo?"

Wakarudia, na wakarudia tena. Kila moto ulipowaka, mikono yote ilikimbilia moyoni, hata ya wale waliokuwa wakimcheka Bonge. Alhamisi mchana Shangazi alijua lililobaki, na hakulipenda. Akavua buti, akaenda kwa baba yake.

Alimkuta nyuma ya nyumba akifunga kamba bustanini, ingawa bustani haikuwa na kitu tena. Mama alikuwa dirishani mwa jikoni, anamenya viazi na kusikiliza, kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia mmechekwa na moto."

"Tumechekwa."

"Nilikwambia. Hilo ni povu la kuogeshea watoto."

"Lile lako ndilo lililotuogesha watoto," alisema mama dirishani, "na ona."

"Wewe menya viazi!"

"Namenya. Mdomo haushiki kisu."

Shangazi akajizuia kucheka. Akachuchumaa karibu na baba yake, akashika ncha nyingine ya kamba. "Baba, njoo kesho kwenye majaribio. Wanataka kusikia amri kwako."

"Amri gani?"

"Kwamba wasipige moyoni."

Mzee aliiacha kamba. Alimtazama bintiye, na uso ule uliokuwa hauogopi matangi yanayowaka ukawa uso wa mtu aliyeombwa avue shati barabarani.

"Unataka niende nikajitukane mbele ya vijana niliowalea. Neno hilo moja ndilo nililo nalo, mwanangu. Nyumba si yangu, ni ya kampuni. Figo wamechukua. Mchicha nimeung'oa. Limebaki neno moja, na hilo nalo unalitaka?"



Shangazi aliomba moyoni, kwa maneno machache, Mungu ampe ulimi laini. Kisha akasema, "Sijaja kukuambia ulikosea, baba. Kwa povu lile, ulifundisha sawasawa. Ulifundisha vizuri mno, hiyo ndiyo shida yangu. Nimesema nao siku tatu nzima, mikono yao imekataa kunisikia. Inakusikia wewe. Nani mwingine hapa duniani ana neno linalokaa mikononi mwa watu hivyo? Lakini kesho likishindwa, la zamani linarudi. Na mtaro unapita palepale. Na wale wanaozaliwa kwenye nyumba hizi watakunywa tena."

Mzee akaokota kamba yake, akaendelea kuifunga kwenye kijiti kisicho na mche. Hakusema atakwenda, wala hakusema hatakwenda. Shangazi akambusu mama yake mkono dirishani, akaondoka.

Ijumaa watu walijaa. Meneja alikuja na miwani safi. Mtaalamu wa maji alikuja. Wanawake wa nyumba za wafanyakazi walikuja, mmoja wao tumbo limefika mbele, wakasimama nyuma ya kamba ya usalama. Shangazi alikuwa ameamka mapema akasali, akapiga pasi hata soksi. Alitazama lango mara moja, mara ya pili, kisha akajikataza.

"Tayarini!"

Ndipo umati ukapasuka katikati. Mzee Povu alikuja amevaa shati jeupe lililonyooshwa, na kichwani kofia yake ya zamani ya zimamoto, rangi imebanduka. Mama alikuwa nyuma yake kana kwamba anamsindikiza mtu asije akageuka. Mzee alipita chini ya kamba bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bonge. Bonge alisimama wima, jasho linamtiririka kabla ya moto kuwashwa.

"Mkono!" alisema mzee.

Bonge akanyoosha mkono. Mzee akaushika kwa mikono yake miwili.

"Nilikufundisha upige wapi?"

"Moyoni, mzee."

"Vizuri. Sasa nisikie. Neno lile lilikuwa la povu lile, na povu lile limekwisha kazi yake. Leo unapiga ukutani. Ukutani! Ukipiga moyoni leo, nakuvua suruali mbele ya meneja."

Vicheko vikalipuka, na Bonge naye akacheka, mabega yakalegea, yale mabega yaliyokuwa yamekaza tangu siku ile ya aibu.

"Na ninyi wengine mmenisikia," alisema mzee akiwageukia. "Amri leo si yangu. Ni ya huyu hapa nyuma. Mimi nimekuja kuangalia."

Akarudi nyuma, akasimama kando ya mkewe.

Moto ukawashwa. Ulipanda kwa hasira, joto likawasukuma watu wa kwenye kamba nyuma. Shangazi akaweka mikono kiunoni, akangoja. Neno la zamani lilimjia hadi kwenye meno, akalimeza.

"Piga ukutani!"

Mpira wa Bonge ulitetemeka, ukashuka kidogo kuelekea katikati, na watu wa kikosi wote wakashika pumzi. Kisha ukainuka. Povu likagonga ukuta wa nyuma wa chuma, likateremka kama uji mzito unavyoteremka kwenye mwiko, likalala juu ya mafuta, likaanza kusogea mbele. Polepole. Lo, polepole! Moto ulirudi nyuma hatua kwa hatua, kwa ubishi, ukishikilia kila kona.

"Linachelewa," alisema meneja.

"Linafika," alisema Shangazi bila kugeuka. "Bonge, usilikimbize povu. Libembeleze. Ukutani, papo hapo, usihame!"

Weupe ukafika nusu ya sinia, ukapita nusu. Mwali wa mwisho ulijibanza kwenye kona ya kushoto, ukachungulia, ukainuka mara moja kama unaaga, ukafunikwa. Moshi ukakatika. Palikuwa na shuka jeupe tu limelala juu ya sinia, na kimya.

Lakini Shangazi hakuruhusu mtu kupiga makofi. Alichukua fimbo ndefu yenye tambara linalowaka ncha, akaipitisha juu ya povu taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akiuchokoza moto urudi. Haukurudi. Akaipitisha tena kwenye kona ile ya kushoto, karibu kabisa. Wapi!

Meneja akavua miwani yake. "Mama," alisema, "mapipa yale ya zamani yafungwe, yawekwe alama. Yatachukuliwa na wanaojua kuyateketeza. Asimwage mtu hata kikombe."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka, na yule mama mjamzito alipiga vigelegele hadi akakaa chini. Si kwamba kisima kilipona siku ile. Mtaalamu wa maji aliwaeleza wazi kwamba yaliyomo ardhini yatakuwamo kwa muda mrefu, na gari la maji litaendelea kuja, na mitambo ya kuchuja itabidi ifungwe. Lakini kuanzia Ijumaa ile halikuongezwa hata tone la povu lile, na aliyelikomesha alikuwa mtoto wa palepale.

Bonge alimfuata Mzee Povu kwenye kamba, uso mweusi kwa masizi, meno yote nje. "Umeona, Mzee Povu? Umeona mkono?"

"Nimeona. Na jina hilo achana nalo. Sitaki tena kuitwa povu."

"Sasa tukuite nani, mzee?"

Mzee alivua kofia yake ya zamani. Alitazama kule kwenye sinia, ambako binti yake alikuwa tayari ameinama na brashi, akisafisha alichokichafua, huku akimgombeza mtu kwa kutofunga mkanda wa kofia na kumuuliza kama amekula.

"Yule mnamwita Shangazi, siyo?"

"Ndiyo."

"Mimi niiteni baba yake," alisema mzee, na akalisema kwa sauti ya uwanja wa mazoezi, ili hata walio nyuma kabisa wasikie.